Bwalo lililogeuzwa kituo cha wanafunzi: uchambuzi wa kisa kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki kinahusu jengo moja la chuo kikuu katika Nyanda za Juu Kusini. Lilijengwa kuwa bwalo, likageuzwa kituo cha wanafunzi, likapangishwa, likafungwa, kisha likafunguliwa upya. Majina yameondolewa, vipimo vimezungushwa, na mambo kadhaa yameunganishwa kutoka majengo mengine ya aina hiyo ili chuo kisitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa milki, washauri wa wanafunzi na viongozi wa serikali za wanafunzi. Hao ndio hushika funguo za majengo haya, na mara nyingi hupewa funguo tu, bila maelezo.

Usuli

Kuna vyuo ambako nyumba ya wanafunzi hujengwa kwa kazi hiyo tangu msingi. Houston Hall ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1896 ikiwa na sehemu za michezo, kusoma na mikutano. Huku kwetu vyuo vingi vimerithi majengo. Mwaka 2005 Sekondari ya Mkwawa, Iringa, ilifanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbeya nako, chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986 kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. (Tunavitaja kuonyesha zama tu, jengo la kisa hiki halimo katika chuo chochote kati ya hivyo viwili.) Anayerithi shule hurithi na bwalo lake.

Mabwalo hayo yalipoteza kazi yake hatua kwa hatua. Sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vilianza kujitoa katika kupika. Baada ya Bodi ya Mikopo kuanza kazi Julai 2005, mwanafunzi mwenye mkopo akawa anapokea fedha ya chakula mkononi mwake, ile inayoitwa bumu, na kuamua mwenyewe ale wapi. Jiko la kulisha mamia kwa kengele moja likakosa wa kuwalisha.

Bwalo letu lilikuwa na ukumbi wa mita 12 kwa 20, kuta za matofali ya kuchoma, kenchi za mbao za paini na mabati ya migongo. Nyuma palikuwa na jiko lenye meko mawili ya kuni yaliyojengewa, na stoo mbili. Upande wa mashariki lilikuwa na varanda ndefu iliyo wazi. Varanda hiyo ndiyo iliyokuja kuwa moyo wa jengo. Juni na Julai, asubuhi za Iringa, Mbeya au Njombe ni baridi ya kuvaa makoti mawili, na varanda inayotazama mashariki hupata jua tangu saa moja na nusu. Wanafunzi walikwenda pale kuota jua wakiwa na daftari mkononi kabla ya jengo kuwa na jina lolote.

Awamu ya kwanza: funguo kwa serikali ya wanafunzi

Chuo kilikuwa kinaongeza wanafunzi na hakikuwa na pa kuwakutanisha. Bwalo lilikuwa limejaa vitanda vibovu. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ikaandika barua ya ukurasa mmoja kulikabidhi kwa serikali ya wanafunzi kwa matumizi ya kijamii. Barua haikusema nani atalipa umeme, nani atatengeneza paa, wala kama serikali ya wanafunzi inaruhusiwa kupangisha chumba. Ukimya huo uliligharimu jengo kuliko mvua zote zilizofuata.

Hata hivyo miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri, na inafaa kueleza kwa nini. Stoo moja ikawa ofisi ya serikali ya wanafunzi, ya pili ikawa ya kutoa kopi na kuchapa. Kinyozi akapewa kona ya jiko. Mama lishe wawili waliuza chai, maandazi, wali maharage na, msimu wake, parachichi. Ukumbini kulikuwa na runinga yenye king'amuzi, meza mbili za drafti na mabenchi ya bwalo la zamani. Jioni za katikati ya wiki jumuiya za dini ziligawana ukumbi kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni. Jumamosi na Jumapili ilikuwa mpira, na siku ya Simba na Yanga watu walisimama hadi madirishani. Mtu asiye na senti aliweza kukaa kutwa nzima bila kuulizwa atakula nini. Kwa mwanafunzi ambaye bumu lake limeisha wiki mbili kabla ya awamu nyingine ya malipo, hilo si jambo dogo hata kidogo: ndipo anaposomea na wenzake, ndipo anaposikia habari ya kazi za muda, na ndipo mwenzake anapogundua kwamba hajala.

Kasoro ilikuwa kwenye kupokezana. Uongozi wa wanafunzi hukaa mwaka mmoja. Uchaguzi ulifanyika karibu na mitihani ya mwisho, viongozi waliomaliza wakaondoka siku ya karatasi ya mwisho, na walioingia wakapokea funguo kutoka kwa mlinzi. Ndani ya miaka michache vitasa vilibadilishwa mara kadhaa kwa sababu hakuna aliyejua nani ana nakala. Mita ya LUKU ilikuwa moja na ya bweni jirani, hivyo umeme ukikatika kila upande ulisubiri mwingine anunue. Kinyozi alilipa pango kwa mtu, si kwa akaunti. Alipoondoka yule mtu, risiti ziliondoka naye.

Awamu ya pili: mpangaji

Ofisi ya fedha ilipoona jengo linaingiza hela isiyofika chuoni, ilipendekeza lipangishwe kwa mfanyabiashara mmoja. Sababu zilikuwa za haki: mapato yangelipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, risiti zingepatikana, na usafi ungekuwa na mwenyewe. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya kodi. Ililinganishwa na fremu za mjini na kutozwa miezi 12 sawasawa.

Biashara ya chuoni haina miezi 12. Wanafunzi wapo kwa takriban miezi tisa, na ndani ya hiyo tisa mauzo hupanda bumu linapotoka na kushuka wiki za mwisho kabla ya bumu jingine. Likizo ndefu ikifika, anayebaki kununua ni mlinzi na watumishi wachache. Mpangaji aliyefanya hesabu zake vizuri angeona kwamba kodi ile hailipiki kwa wali maharage. Huyu aliona hilo baada ya kusaini, akaanza kuliziba pengo kwa kubana nafasi ya wasionunua. Mabenchi yakatolewa. Varanda ikazibwa kwa vioo vya giza na kuwekwa viti vya plastiki vya wanunuzi tu. Mama lishe wakaondolewa. Bei ikapanda, kisha ikaja bia, kisha muziki wa spika kubwa mita chache kutoka bweni la wasichana. Kumwita mpangaji mtu mbaya ni kukwepa kazi ya kusoma mkataba aliopewa.

Upande wa ufundi, mambo matatu yalifanyika bila ofisi ya milki kuulizwa.

La kwanza ni umeme. Jiko la bwalo lilikuwa la kuni, kwa hiyo soketi zake zilikuwa chache, zote kwenye mzunguko mmoja wa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye breka ya ampea 20. Mpangaji aliweka vikaango viwili vya chipsi vya wati 3,000 kila kimoja na birika la wati 2,000. Kwa volti 230, kikaango kimoja kinavuta ampea 13. Vyote vitatu kwa pamoja vinakaribia 35. Breka ikawa inakata kila saa ya chakula. Fundi aliyeitwa alitoa dawa iliyo rahisi na ya hatari kuliko zote: aliondoa breka ya 20, akaweka ya 32. Kukata kukapungua, maana sasa waya ndio uliobeba mzigo wa joto ambao breka ilikuwa inaukataa. Plastiki ya waya hulainika ndani ya bomba la ukutani ambako hakuna anayeiona, na viungo vya soketi hulegea.

La pili ni maji machafu. Sinki la jiko liliunganishwa moja kwa moja na chemba ya vyoo. Bwalo la zamani lilipika ugali, maharage na mboga kwa mafuta kidogo; chipsi ni jambo lingine. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa moto husafiri mita chache tu, na katika baridi ya huku huganda upesi ukutani mwa bomba. Bomba lenyewe, la inchi 4, lilikuwa limelala kwa mteremko wa karibu 1 kwa 100 (kushuka mita moja kila mita 100), wakati linahitaji kama 1 kwa 40 ili uchafu usitue njiani.

La tatu ni paa la varanda. Ili kupata kimo cha vioo, mabati mapya ya geji 30 yalitandikwa kwa mwinuko wa nyuzi 5 hivi, yakapandana sentimita 10, na kugongewa misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongo. Pale paa jipya linapokutana na la zamani hapakuwekwa bati la kuzuia maji. Mvua ya Februari ikija na upepo, maji yalipanda kinyume chini ya kiungo.

Kufungwa

Masika moja ilivileta vyote pamoja. Chemba ilifurika ukumbini wakati wa mkutano. Wiki hizo hizo soketi ya jikoni iliungua na kuacha ukuta mweusi hadi usawa wa dirisha. Haukuwa moto mkubwa, lakini ukumbi ulikuwa na watu, mlango mmoja tu ulikuwa wazi na ulifunguka kwa ndani, na wa pili ulikuwa na grili yenye kufuli ambalo funguo yake haikupatikana. Chuo kikafunga jengo siku iliyofuata. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa.

Kisichokuwa sahihi ni kulifunga bila mpango wa kulitunza likiwa limefungwa. Jengo lililofungwa huharibika haraka kuliko linalotumika vibaya. Majani yaliziba gata, maji yakarudi kwenye dari. Mchwa walipanda fremu za milango upande wa jiko. Nyaya zikang'olewa na wezi. Popo wakaingia kwenye kenchi. Wanafunzi walihamia kwenye vibanda vya nje ya geti, ng'ambo ya barabara kuu, usiku, na malalamiko yaliyofika kwa Mshauri wa Wanafunzi yakaongezeka kuliko yale ya kelele.

Kulifungua upya: maamuzi na sababu zake

Kamati ndogo iliundwa: afisa milki, Mshauri wa Wanafunzi, mhandisi wa chuo, mhasibu na wawakilishi wawili wa wanafunzi, mmoja wao wa mwaka wa kwanza. Huyo wa mwaka wa kwanza aliwekwa makusudi ili abaki na kumbukumbu kwa miaka miwili zaidi, na kati ya maamuzi yote ya kamati hilo ndilo tunalolithamini zaidi.

Swali la kwanza lilikuwa kubomoa au kutengeneza. Nyanda hizi, hasa Mbeya na Rungwe, ziko kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika, hivyo nyufa za pembeni mwa madirisha zilitia hofu. Mhandisi alifungua plasta sehemu kadhaa juu ya madirisha na kukuta lenta ya zege yenye nondo ikizunguka jengo lote bila kukatika. Nyufa zilikuwa za plasta, hazikuingia kwenye tofali. Uamuzi ukawa kutengeneza.

Ukaguzi wa paa ulifanywa mvua ikinyesha, watu wawili ndani wakiwa na chaki na mmoja nje. Ukikagua paa Agosti unaona madoa. Ukikagua Machi unaona maji yanapoingilia, na mara nyingi ni mita mbili au tatu juu ya doa. Kazi yenyewe ya paa ilisubiri kiangazi, Juni hadi Oktoba.

Kulikuwa na shinikizo la kupaka rangi kwanza ili jengo lipendeze siku ya mahafali. Kamati ilikataa. Mpangilio ukawa: maji machafu, paa, umeme, milango, vyoo, na rangi mwisho. Sababu ni kwamba kila moja ya kazi za mwanzo huvunja ukuta au sakafu, na chumba kilichopakwa rangi hakuna anayekubali kivunjwe tena.

Bomba lilifukuliwa na kulazwa upya kwa 1 kwa 40. Kati ya sinki na chemba kukajengwa chemba ya mafuta: urefu mita 1.2, upana 0.6, kina cha maji 0.8, yaani kama lita 576. Ina ukuta wa katikati wenye tundu chini tu, na bomba la kutokea lenye umbo la T linalochota maji kutoka chini, ili mafuta yabaki yakielea. Tabaka la mafuta huchotwa kila wiki. Likifika robo ya kina, chemba nzima huoshwa. Mafuta yaliyotumika huwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, hayamwagwi kwenye sinki kamwe.

Varanda ilifunguliwa tena. Vioo vikatolewa, boriti ya ukutani ikapandishwa hadi mwinuko ukafika nyuzi 12, mabati ya geji 28, mazito kuliko ya 30, yakapandana sentimita 20, misumari yenye raba ikapigwa juu ya migongo, na bati la kuzuia maji likaingizwa chini ya paa la zamani. Umeme ukavutwa wa fezi tatu kwa mita yake yenyewe. Kila kikaango kina mzunguko wake na breka ya ampea 20, na jiko lote liko nyuma ya kikata-umeme cha uvujaji cha miliampea 30. Milango miwili hufunguka kwa nje, na grili hufunguliwa kwanza kabla ya kiti cha kwanza kupangwa.

Upande wa mkataba, jengo liligawanywa kwa mchoro uliopakwa rangi na kuambatishwa. Ukumbi na varanda ni vya wanafunzi, na nusu ya viti vya varanda, vilivyowekwa alama, ni vya kukaa bila kununua. Jiko na kaunta ni vya mpangaji. Paa, kuta, bomba kuu na waya mkuu ni vya chuo. Kodi hulipwa miezi tisa ya masomo. Miezi ya likizo mpangaji hulipa umeme na maji aliyotumia tu, ila anabaki na wajibu wa kufungua madirisha na kusafisha gata. Sahani moja ya kawaida, wali maharage au ugali na mboga, bei yake hukubaliwa kila mwanzo wa muhula. Pombe haikuruhusiwa. Wanafunzi waligawanyika juu ya hilo, na hoja iliyoshinda ilikuwa ya ukaribu wa bweni. Sehemu moja ya tano ya kodi inakwenda kwenye kifungu cha matengenezo ya jengo hilo hilo.

Matokeo

Jengo lilijaa tena, hasa varanda asubuhi. Mmoja wa mama lishe wa zamani alirudi, safari hii kama mpangaji mdogo mwenye leseni na wahudumu waliopimwa afya. Chemba haijafurika. Mpangaji wa sasa analipa kodi iliyo ndogo kuliko ya mwenzake wa kwanza, lakini anailipa.

Vyoo bado havitoshi. Vilijengwa kwa watu wanaokuja kula na kuondoka, siyo wanaokaa saa tano. Tangi la lita 5,000 huisha siku ya mechi. Na mvua ikipiga mabati, mkutano ukumbini husimama, maana fedha ya dari iliishia nusu.

Uchambuzi

Katika historia nzima ya jengo hili, uharibifu haukuanzia kwenye umri wa kuta. Matofali ya kuchoma yaliyopigwa lenta nzuri yangedumu bila shaka. Ulianzia kila mara pale matumizi yalipobadilika na karatasi isibadilike: bwalo likawa kituo kwa barua ya ukurasa mmoja, kituo kikawa mgahawa kwa mkataba usiotaja vikaango. Kwa hiyo swali ambalo ofisi ya milki inapaswa kuuliza mtu anapoomba chumba ni atakachowasha, atakachomwaga na atakaokaribisha. Wati, lita na vichwa. Majibu hayo matatu yangezuia yote yaliyotokea awamu ya pili.

Kilichofanya kazi zaidi ni kutenganisha kukaa na kununua, na hakigharimu karibu chochote. Chuo kikitoza kodi ambayo haiwezi kulipika bila kuuza kila kiti, kimeshaamua kuwatoa wanafunzi wasio na hela, hata kama hakikukusudia. Wako watakaosema hasara ya kodi ni kubwa. Tunaamini wanahesabu upande mmoja: miezi ambayo jengo lilifungwa halikuingiza kitu, na gharama ya kulifufua ilikula kodi ya miaka.

Kifungu cha matengenezo kimefanikiwa nusu. Mwaka mmoja fedha yake ilichukuliwa kwa dharura ya idara nyingine, kwa ahadi ya kurudishwa, na dari ya ukumbi ndiyo iliyolipia. Kifungu kisicho na akaunti yake ni mstari kwenye karatasi tu. Kamati sasa inaomba matumizi yake yahitaji saini ya Mshauri wa Wanafunzi pamoja na ya mhasibu.

Makabidhiano ndiyo yaliyobadilika kabisa. Hufanyika wiki mbili kabla ya mitihani, uongozi wa zamani na mpya wakiwa bado chuoni, wakitembea jengo zima na afisa milki. Jalada lina namba ya kila funguo na aliyenayo, usomaji wa mita ya umeme na ya maji, idadi ya viti na meza, picha za kila chumba, nakala ya mkataba na mchoro wake, madeni, tarehe ya mwisho ya kuosha chemba ya mafuta na kusafisha gata. Nakala tatu husainiwa: moja ya milki, moja ya Mshauri wa Wanafunzi, moja hubaki ofisini kwa wanafunzi kwenye kabati la chuma. Makabidhiano ya mwisho yaliibua funguo mbili za jiko zisizo na mwenyewe, na kitasa kikabadilishwa siku hiyo hiyo, kabla uongozi wa zamani haujasaini kuondoka.